Mgeni Aliyegeuzwa Mkwe

Dulcie Napangardi hakuwa mtu wa kuchanganywa na mambo ya undugu. Mengine yote, sawa. Aliweza kuisahau chai motoni mpaka birika likaungua, aliweza kuvaa kiatu cha kushoto cha huyu na cha kulia cha yule akaenda navyo kazini, na tangu aanze kupiga deki pale kliniki miaka kumi na moja iliyopita, funguo zimepotea mpaka nesi amechoka kuuliza. Lakini undugu ulikuwa umemkaa kichwani kama njia ya kwenda kisimani.

Kwetu Kurlinja, kijiji cha jangwani, kila mtu anazaliwa na jina lake la undugu, kama hilo Napangardi la Dulcie. Yapo manane ya wanaume na manane ya wanawake, basi. Jina hilo ndilo linalokuambia nani mama yako hata kama hakukuzaa, nani wa kutaniana naye, nani unaweza kumwoa, na nani ukimwona kwa mbali unakata kona. Watu wa mjini wanaokuja kututembelea husema ni hesabu ngumu. Hesabu gani? Mtoto wa miaka mitano anaijua, ila huyo mtu wa mjini mwenye digrii mbili ndiyo inamshinda. Vijana walipopenda walikuja kwanza kwa Dulcie kunong'ona, "Mama, yule msichana wa Mantarru, anafaa?" Naye, mikono ikiwa ndani ya ndoo, alijibu bila kuinua kichwa, "Yule ni shangazi yako. Huna haya," akaendelea na sakafu yake.

Ndiyo maana nasema, kilichompata Ijumaa ile kilimtoa kwenye reli kabisa. Na chanzo chake ni shangazi yake mwenyewe, Bibi Pansy Napanangka.

Bibi Pansy alikuwa na tabia moja. Mgeni yeyote mwenye gari akiingia Kurlinja kutazama michoro, bibi alikuwa wa kwanza kumfikia. Alimshika mkono, akamtazama machoni na kumwambia, "Wewe ni binti yangu." Kuanzia hapo gari lilikuwa la kumbebea kuni. Kwa miaka kumi bibi alikuwa amezaa Wazungu kumi na wanne kwa njia hiyo, na hakuna aliyeudhika, maana Mzungu alikaa siku mbili, akalia kidogo wakati wa kuagana, akaenda zake na jina lake kwenye daftari.

Wa kumi na tano aliitwa Ilse, mwanamke wa Ujerumani aliyekaribia sitini, mrefu, mwenye kofia pana na gari ambalo ndilo lilikuwa nyumba yake. Kitanda humo, jiko humo, nguo humo. Alifika Jumatatu. Jumanne alikuwa binti wa Bibi Pansy, na binti wa Napanangka hana jina jingine ila Nakamarra. Ilse aliliandika, akalitamka mara nne, akafuta machozi.

Sasa shida ni hii. Nakamarra ndiye anayezaa wake wa akina Jangala. Kwa Jangala yeyote, Nakamarra ni mkwe. Jangala hamtazami, hasemi naye, hakai naye chini ya paa moja, halitamki jina lake. Si chuki, ni heshima ya juu kabisa tuliyo nayo, na tunaiita aibu. Na Jangala aliyekuwapo Kurlinja wiki ile ni mmoja tu, Clifton, mwana wa pekee wa Dulcie, fundi wa pampu ya maji.

Jumatano asubuhi Ilse alikwenda na kamera yake kutazama pampu. Clifton alikuwa juu ya tangi. Alipoiona ile kofia alishuka upande wa pili kwa kuteleza, akatokomea nyuma ya uwanja wa mpira na spana mkononi. Ilse alibaki na salamu yake mdomoni. Mchana alimwona dukani, akamfuata kumpa pole ya kazi, na Clifton akatoka kwa mlango wa stoo. Dulcie aliyaona yote hayo akanyamaza, akijua mgeni ni wa siku mbili.

Lakini jioni ya Jumatano hiyohiyo kijiji kizima kilihama kwenda Mantarru, kilomita mia na arobaini, kwenye mazishi. Marehemu sitamtaja jina, kwetu ni mwiko, na wewe usiniulize. Alikuwa kaka wa baba yake Clifton, na baba yake Clifton alipokufa mtoto akiwa na miaka sita, huyu baba mkubwa ndiye aliyemchukua. Alimfundisha kufuata nyayo za kangaruu, alimfundisha injini ya pampu, alimfundisha kunyamaza. Mwili ulikaa mjini mwezi mzima ukisubiri, na sasa siku ilikuwa imepangwa: Ijumaa, saa nne asubuhi.

Clifton alibaki nyuma kwa sababu kifaa cha pampu kilikuwa kinakuja na ndege ya barua siku ya Alhamisi, na Dulcie alibaki ili mwanawe asisafiri peke yake. Ilse naye alibaki kwa sababu Bibi Pansy, akiwa ameshakaa kiti cha mbele cha gari la kwanza, alimwambia, "Nisubiri, binti yangu," na Ilse ni mtu wa kutii mama. Gari la kuwafuata Dulcie na Clifton lilikuwa lije Alhamisi jioni. Halikuja. Ilikuja simu tu, kwamba ekseli imevunjika kwenye korongo la chumvi, na kwa nini ninyi hamjafika?

Saa kumi na mbili asubuhi ya Ijumaa, baridi ikiuma na mbwa wamejikunja majivuni, Dulcie alisimama katikati ya barabara akatazama huku na huku. Gari lilikuwa moja tu kijijini, la Ilse.

Elewa kilichokuwa hatarini hapo. Mtoto asiyeinua jeneza la baba yake kwetu haulizwi alikuwa wapi. Anaulizwa alikuwa anaficha nini. Zamani lilikuwa suala la kuchomwa mkuki pajani. Siku hizi baba zake wadogo, wadogo wa marehemu, wangemwacha tu, wasimwite kwenye mambo ya wanaume, wasimpe mke, wasimtaje. Clifton hakuwa na baba wengine, na alikuwa na miaka ishirini na tisa.

"Nitatembea," alisema Clifton, akifunga kamba za viatu.

"Utafika Jumanne. Umzike nani?"

Akasema basi atapanda juu ya gari, kwenye keria, ajifunge kamba, maana juu si ndani. Dulcie akamwambia barabara ile ina matuta mpaka chupi inavuka, atafika Mantarru akiwa maiti ya pili na hawajachimba kaburi la ziada. Hapo kijana alicheka kidogo, kisha akafunika uso kwa mikono. Mama yake hakuvumilia kuutazama mgongo wake ukitikisika.

Ndipo Dulcie, kitabu cha undugu cha Kurlinja nzima, akafanya jambo ambalo angemtukana mtu mwingine yeyote kwa kulifanya. Alimkuta Ilse anachemsha kahawa kando ya gari, akamwambia kwa haraka, kama mtu anayebandua plasta, kwamba tangu sasa yeye si Nakamarra tena. Ni Napangardi, dada yake Dulcie, na kwa hiyo ni mama mdogo wa Clifton. Na mama mdogo anaweza kumpeleka mtoto mazikoni.

Ilse aliweka kikombe chini, akatafuta daftari lake.

"Jana nilikuwa Nakamarra."

"Jana ni jana."

"Na mama yangu atasemaje?"

Swali lile lile ambalo Dulcie alikuwa analikimbia tangu alfajiri, Mzungu amelileta na kalamu mkononi. Shangazi hapingwi. Jina alilotoa shangazi hulivui mgongoni kwa mtu akiwa hayupo, tena yuko matangani. Lakini saa zilikuwa zinakwenda, akasema shangazi atafurahi, na moyoni akajiambia Mungu anisamehe. Ilse akafuta Nakamarra kwa mstari mmoja, akaandika jipya chini yake, na uso wake ukaonyesha wazi kwamba haelewi kitu. Hata hivyo alikubali kuendesha. Kusaidia alitaka, tangu Jumatatu alikuwa anatafuta wa kumsaidia.

Clifton hakukubali hivihivi.

"Nani kakuruhusu kumbadilisha? Mtu si shati, mama."

"Ni Mzungu tu. Wiki ijayo yuko kwao, anawaonyesha majirani picha za mbwa wetu."

"Kama ni Mzungu tu, mlimpa jina la nini?"

Hapo kichwa cha Dulcie kilianza kuzunguka kweli. Maisha yake yote alikuwa akiulizwa maswali na kuyajibu, na leo mwanawe amemuuliza moja na hana pa kulishika. Jina la mgeni ni jina au ni mchezo? Kama ni mchezo, mbona Clifton ameruka tangi? Kama ni jina, yeye Dulcie amefanya nini dakika kumi zilizopita? Alimsukuma tu mwanawe garini, akisema wataongea baadaye.

Wakapatana hivi: Clifton atalala nyuma kabisa, katikati ya madumu ya maji, blanketi gubigubi, na mabegi yapangwe kama ukuta. Ilse aliambiwa kijana ana aibu, asimtazame, asimsemeshe. Akaitikia kwa kichwa. Lakini aibu kwa Kijerumani, sijui, labda ni kitu cha kumwondolea mtu.

Walikwenda kilomita kumi na mbili. Kwenye geti la uzio wa ng'ombe Ilse alisimamisha gari, Dulcie akashuka kufungua. Na Ilse, akiwa sasa ni mama mdogo, akiwa amefikiria jambo hilo njia nzima kwa moyo mwema, aligeuka kitini, akaegemea juu ya mabegi, akainua ncha ya blanketi na kusema kwa lugha yetu, neno aliloliandika daftarini, "Mwanangu." Mkononi alikuwa na chupa ya maji.

Mlango wa nyuma ulifunguka kwa kishindo. Dulcie akiwa bado ameshika mnyororo wa geti alimwona mwanawe akipita mbio, peku, viatu vimebaki, anaingia kwenye nyasi za miiba kama vile kafukuzwa na moto. Alikwenda mpaka kwenye migunga, akaketi chini, akawapa mgongo.

Ilikuwa saa moja na nusu. Zilibaki kilomita mia na ishirini na nane za mchanga na mawe.

Dulcie alifoka. Alimfokea mwanawe kwa mbali kwamba anamzika baba yake kwa makalio, kukaa tu. Alimfokea Ilse kwamba ameambiwa asitazame akatazama. Kisha alipokosa mwingine wa kumfokea aliketi kwenye vumbi la barabarani akajifokea mwenyewe, na hapo machozi yakaja. Ilse alishuka, akasimama mbele yake na ile chupa ya maji.

"Ananichukia kwa nini?" aliuliza. "Siku tatu ananikimbia. Nimemfanyia nini?"

Ndipo Dulcie akamwambia. Alimwambia bila kupamba, kwamba Nakamarra ni mkwe wa Jangala, kwamba mtu anaweza kupigana na ndugu yake, anaweza hata kumtukana mjomba, lakini mkwe anapishwa barabara nzima. Clifton hakumchukia hata kidogo. Tangu Jumanne alikuwa anampa heshima ambayo wanawake wengine wa Kurlinja wanaisubiri mpaka wazeeke. Na kwamba ile habari ya Napangardi ya asubuhi ilikuwa uongo wake Dulcie, na si wa mtu mwingine.

Ilse aliiweka ile chupa chini.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani utacheka."

Ilse hakucheka. Alitazama gari, akatazama migunga, akahesabu kitu kichwani mwake. Halafu, bila kuulizwa na bila kuuliza, alianza kushusha vitu: madumu mawili ya maji, viti viwili, jiko, mkate, turubai. Aliburuta vyote mpaka kwenye kivuli upande wa pili wa barabara. Kisha akachomoa funguo, akaziweka juu ya boneti, akaenda kivulini akasimama, uso ameupeleka kwenye shina la mti.

Dulcie hakuamini. Gari lile lilikuwa nyumba ya yule mwanamke. Hana nyingine, aliiuza ya kwao, alisema mwenyewe siku ya kwanza. Alichanganyikiwa zaidi kuliko asubuhi, kwa maana sasa palikuwa na jambo jingine: yeye mwenyewe, Dulcie, alitakiwa aende au abaki? Huko Mantarru mjane wa shemeji yake alikuwa anamsubiri walie pamoja, kichwa kwa kichwa, kama ilivyo haki. Marehemu alikuwa amemletea nyama miaka yote ya ujane wake. Lakini unamwachaje mgeni jangwani na viti viwili? Na si mgeni, ni binti wa shangazi. Ukimwacha binti wa shangazi akafa kwa jua, hiyo nayo utaieleza kwa nani?

Aliita, "Clifton, njoo uchukue gari. Mimi nabaki." Ilimuuma kusema, na nakwambia hakuisema kwa hiari.

Clifton alizunguka kwa mbali, akashika funguo, akavaa viatu. Gari likaondoka na vumbi lake.

Ukaja mchana wa ajabu. Wale wanawake wawili walikaa kivulini wakanywa chai. Jua lilipofika mahali pa saa nne Dulcie aliinuka, akaenda hatua chache, akaketi mchangani na kulia kwa sauti, ile ya mazishi, inayopanda na kushuka. Ilse hakujua kama anatakiwa kulia, kutazama, au kwenda mbali. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Mwisho akaja akaketi karibu, bega kwa bega na Dulcie, na baada ya kitambo naye akawa analia, kwa Kijerumani, akiwalilia watu wake mwenyewe. Dulcie alitaka kumwambia kwamba kulia kuna utaratibu wake, kuna nani analia na nani. Akaacha. Hakuwa na uhakika tena kama anaujua.

Saa kumi jioni waliona vumbi. Gari lilisimama mbali sana, mita mia tatu hivi, na Clifton akashuka na kutembea kurudi nyuma mpaka kwenye kichuguu, akaketi akiwa amewapa mgongo. Dulcie alimfuata. Shati la mwanawe lilikuwa jekundu kwa udongo, na bega la kulia lilikuwa limechubuka.

Alikuwa amefika jeneza likiwa bado kwenye gari. Baba zake wadogo walikuwa wameshapangwa wanne, wanamtazama anavyokuja, hakuna aliyesema karibu. Mkubwa wao aliuliza mbele ya watu wote, gari hilo ni la nani?

"Ukasemaje?"

"Nikasema ni la mkwe wangu. Kabaki barabarani ili mimi nifike."

Hakuna aliyecheka, alisema Clifton. Bibi Pansy alisimama kutoka katikati ya wanawake, akasema, huyo ni binti yangu. Kisha mmoja wa wale wanne akatoka, akampisha aweke bega chini ya jeneza.

Dulcie aliketi. Mambo yalikuwa yamekwenda mbali kuliko alivyowahi kuyapeleka yeye. Neno limesemwa Mantarru, mbele ya kaburi, mbele ya kila ukoo. Hata angetaka, hakuna tena wa kumfuta yule Mzungu kwa mstari wa kalamu. Mpaka atakapokufa, Clifton hatamwona uso.

"Mwambie achukue gari lake," alisema Clifton taratibu, akitazama mchanga. "Mimi natembea. Na nyama iko kwenye boneti. Nimepiga njiani."

Akaenda zake, akikata porini ili asipite karibu na ule mti.

Ilikuwa mkia wa kangaruu na paja zima, vimefungwa kwa majani, fungu la mama mkwe peke yake, mama mzazi hagusi. Dulcie alilibeba mpaka kivulini. Ilse, tangu lile vumbi lionekane, alikuwa tena ameelekeza uso kwenye shina la mti, na hakuna aliyekuwa amemwambia asimame hivyo, wala aendelee muda wote ule.

"Amefika," Dulcie akamwambia. "Ameinua. Hii ni yako."

Ilse aligeuka, akaipokea kwa mikono miwili, na uzito ukamshangaza.

"Mimi sikuzaa," alisema. "Sina binti. Sikuwahi kuwa naye. Huyu mkwe nimempataje?"

Watu wa Kurlinja wote huja kwa Dulcie na maswali ya namna hiyo, naye huwajibu mikono ikiwa ndani ya ndoo. Alifikiri, akahesabu kwenye vifundo vya vidole, akaanza upya.

"Sijui," alisema. "Washa moto."